Sanduku la modeli za molekuli, vipande 240: nimeundia mota ya Feringa

Nafundisha kemia kidato cha tano na cha sita, Tanga mjini. Sanduku hili niliagiza Dar es Salaam mwezi wa pili kwa Sh 78,000, na kusafirisha kwa basi Sh 5,000. Tangu lifike nimelitumia karibu kila wiki, kwa hiyo haya si maneno ya siku ya kufungua kifurushi.

Ndani mna mipira ya plastiki ya rangi tulizozizoea vitabuni: nyeusi kaboni, nyeupe haidrojeni, nyekundu oksijeni, buluu naitrojeni, njano salfa, kijani klorini. Kila mpira una matundu kulingana na bondi zake, na matundu manne ya kaboni yamekaa pembe sahihi kabisa. Vijiti vya kuunganishia ni vya aina tatu. Vifupi vyeupe ni vya haidrojeni, vya kijivu vigumu ni vya bondi moja, na virefu vinavyopinda ni vya bondi maradufu, ambavyo unavitumia viwili viwili. Kuna pia kidude cha kung'olea vijiti vilivyokwama. Usikipoteze, maana kucha zako zitakoma.

Kwa methani, ethini, benzini na jamaa zake sina la kulalamika. Miaka yote kabla ya hapo nilikuwa nafundishia ndimu na njiti za meno. Ndimu ni rahisi na watoto wanafurahi, ila ukishachomoa njiti mara mbili tundu limelegea na maji yanachuruzika mezani. Tena ndimu haikuoneshi pembe. Mwanafunzi anachoma njiti anapopaona yeye, na methani yake inatoka bapa kama chapati.

Lakini sikutoa Sh 78,000 kwa ajili ya methani. Nililinunua kwa sababu ya mtu mmoja, Ben Feringa wa Chuo Kikuu cha Groningen, Uholanzi. Tarehe 5 Oktoba 2016 yeye, Jean-Pierre Sauvage wa Strasbourg na Fraser Stoddart wa Northwestern kule Marekani walitangaziwa Tuzo ya Nobel ya kemia kwa kubuni na kutengeneza mashine za molekuli. Tangu mwaka huo nimekuwa nikiwasimulia vijana wangu habari hiyo kila tunapomaliza mada ya kemia ya kaboni. Nachora ubaoni, naweka mishale ya kuzunguka, nasema "hii ni mota." Na kila mwaka nilikuwa natoka darasani nikijua kwamba nimefundisha kitu nisichokielewa mwenyewe. Kuzunguka si ajabu. Molekuli zinasukumwasukumwa na joto muda wote, na bondi moja inazunguka huku na huku bila kukoma, kama tairi la baiskeli iliyopinduliwa kwenye upepo. Ajabu ni kuzunguka upande mmoja tu. Nani anaiambia ipite kushoto isipite kulia? Mishale yangu ya chaki haikujibu hilo.

Jumamosi moja nikaita vijana wawili wa PCM (fizikia, kemia na hisabati) maabara, tukamwaga sanduku mezani tuiunde ile mota ya kwanza, ya mwaka 1999.

Hapo tukagongana na kasoro ya kwanza ya sanduku. Mota ile ina nusu mbili zinazofanana, na kila nusu ina kaboni 15, jumla 30, pamoja na haidrojeni 28. Sanduku lina kaboni 24. Nikaenda kuazima sita kwa mwalimu mwenzangu wa shule jirani. Kasoro ya pili ilinichukiza zaidi. Bondi maradufu ziko 11, maana yake vijiti vya kupinda 22. Lebo ya sanduku inasema vipo 36, nilipohesabu nilikuta 29. Vilitosha, lakini anayeagiza darasa zima aelewe anachoagiza. Nilimpigia muuzaji, akawa muungwana, akaahidi kutuma vilivyopungua. Vilikuja baada ya wiki tatu, vikiwa pungufu viwili.

Sasa nieleze tulichokiunda, kwa sababu sifa ya sanduku hili iko hapo.

Kila nusu ina pete tatu zilizoshikana. Mbili ni naftalini, ile ile ya kuwekea nguo kabatini. Pete ya tatu ndiyo inayobeba kaboni ya katikati, na kando yake kabisa, kwenye kaboni ya jirani, inaning'inia methili moja: kaboni na haidrojeni tatu. Ukimaliza nusu mbili unaziunganisha katikati kwa vijiti viwili vya kupinda. Hiyo ndiyo bondi maradufu, na ndiyo ekseli ya mota.

Tulipoziunganisha zikakataa kulala bapa. Naftalini ya nusu hii inaligonga bawa la nusu ile, na kitu kizima kinajisokota kama pangaboi. Kijana mmoja akajaribu kukizungusha. Hakikwenda. Akaongeza nguvu, vijiti vikaanza kulia.

"Madam, tutavunja."

"Usilazimishe, mwanangu. Chomoa kimoja."

Akachomoa kijiti kimoja kati ya viwili vya katikati. Nusu ikageuka bila shida, nusu mzunguko mzima. Akakirudisha kijiti upande wa pili. Nikamwambia: hicho ulichokichomoa ndicho mwanga wa urujuanimno unachokichomoa. Mwanga unafungua bondi ya pili kwa muda mfupi usioshikika, nusu inageuka, bondi inafunga tena. Aliitazama ile modeli mkononi mwake akanyamaza. Na mimi nilinyamaza, kwa sababu nilikuwa nimeelewa pamoja naye, saa ile ile.

Lakini hilo ni nusu ya jibu tu. Bado upande. Kijana wa pili, ambaye darasani huwa haulizi, akasema: "Lakini madam, nimeigeuza kulia. Ningeweza kuigeuza kushoto."

Alikuwa na haki, na kosa lilikuwa la sanduku. Mipira hii ni midogo na vijiti ni virefu, kwa hiyo kati ya atomu na atomu pana nafasi ya kupitisha kidole. Kwenye molekuli halisi nafasi hiyo haipo, atomu zimejazana. Plastiki hii haijui msongamano, na mota ya Feringa inaendeshwa na msongamano. Ukiiunda kama sanduku linavyotaka, utapata pangaboi zuri linalokwenda kokote unakolisukuma.

Dawa tuliipata nyuma ya maabara, kwenye kipande cha godoro la sponji. Tukakata vibonge, tukazivisha haidrojeni za methili zote mbili na zile za pembeni mwa mabawa. Baada ya hapo modeli ikabadilika tabia kabisa. Mwanzoni methili imesimama pembeni, nje ya njia, imetulia. Unachomoa kijiti, unageuza nusu mzunguko, unarudisha kijiti, na sasa methili imebanwa kifuani mwa nusu ya pili. Sponji imebonyea. Unaisikia kwenye vidole kwamba haitaki kukaa hapo. Kurudi nyuma hairudi, kwa sababu kijiti cha pili kimeshafungwa. Imebaki njia moja ya kupata nafuu: bawa la naftalini liteleze kupita bawa la mwenzake, kwenda mbele. Ukilisukuma kidogo linabana, linabana, halafu linateleza, na methili inasimama tena pembeni kama mwanzo. Huo msukumo mdogo ndio joto. Mwanga, joto, nusu mzunguko. Mwanga tena, joto tena, mzunguko umetimia. Ile ya 1999 ilihitaji nyuzi 60 za selsiasi kwa hatua mojawapo ya joto. Baadaye maabara ya Feringa ikawa inabadilisha umbo la pete ili utelezi uwe mwepesi, na kufikia 2014 walikuwa na mota inayozunguka mara milioni 12 kwa sekunde.

Tuliizungusha ile modeli tukipokezana mpaka saa sita mchana.

Nilipofika nyumbani nikakumbuka jambo lililonirudisha maabara Jumatatu asubuhi kabla ya gwaride. Feringa ni mtoto wa mkulima, amezaliwa 1951 Barger-Compascuum, kijiji cha Uholanzi karibu na mpaka wa Ujerumani, wa pili kati ya watoto kumi. Udaktari wake aliufanya Groningen chini ya Hans Wynberg, akamaliza 1978. Na mwaka 1977, akiwa bado mwanafunzi, yeye na Wynberg walichapisha makala kuhusu molekuli zilizosokoteka kwenye bondi maradufu kwa sababu ya msongamano. Mifupa yake ni hii hii tuliyoiunda. Pete zile zile, pangaboi lile lile. Kilichokosekana ni methili mbili.

Nikazing'oa, nikaweka haidrojeni mahali pake, nikavisha sponji. Nikachomoa kijiti, nikageuza. Ikaenda. Nikageuza kinyume. Ikaenda vile vile. Haina upande inaoupenda. Nikarudisha methili mbili, ikawa mota.

Kati ya pangaboi lisilo na upande na pangaboi lenye upande kuna miaka 22. Ndani yake alikwenda kufanya kazi Shell miaka sita, akarudi Groningen 1984, akashika kiti cha uprofesa 1988, na mwaka 1991 akachapisha swichi ya molekuli ya aina hiyo hiyo iliyosokoteka, inayowashwa na kuzimwa kwa mwanga. Alikuwa anatafuta swichi, kitu cha kwenda na kurudi. Mota ilikuja baada ya hapo, akiwa na mtafiti Koumura na wenzao, akiwemo Harada wa Chuo Kikuu cha Tohoku, Japani. Nimesoma habari za wanasayansi wengi, lakini hakuna iliyonigusa kama kushika kwa mkono wa kushoto kazi ya mwaka 1977 na kwa mkono wa kulia kazi ya mwaka 1999, tofauti yake ni mipira miwili myeusi na minne myeupe.

Yule kijana asiyeuliza alirudi wiki iliyofuata na swali lingine. Je, methili zikipandikizwa upande wa pili wa kaboni ile ile? Nikamwambia ajaribu. Alizihamisha zote mbili, na pangaboi likajisokota kwa mkono mwingine, pacha wa kwenye kioo. Alipoizungusha, iliteleza kinyume. Hapo ndipo nilipowasimulia gari la 2011: molekuli moja yenye mota nne mahali pa matairi, imewekwa juu ya shaba, inasukumwa na elektroni kutoka kwenye ncha ya sindano ya darubini maalumu. Kwa misukumo 10 ilisogea nanomita 6. Nikawauliza kwa nini matairi ya kulia na ya kushoto yasingeweza kuwa ya mkono mmoja. Wakatoka nje kutazama gari la mkuu wa shule likiingia getini, wakarudi na jibu: ukilitazama tairi la kulia ukiwa kulia linafuata saa, la kushoto ukiwa kushoto linakwenda kinyume cha saa. Ukikosea, gari halinyooki. Na ndivyo ilivyokuwa kwa lile la Groningen. Lililonyooka ni lile lililopangiwa mikono sawasawa.

Wakaniuliza pia mota hizi zinafanya kazi gani. Niliwaambia ukweli wa kazi iliyokwisha kufanyika: mwaka 2006 mota zilizochanganywa kwenye kioevu fuwele, yaani kioevu ambacho molekuli zake zimejipanga kama za fuwele, zilizungusha kijiti cha kioo cha maikromita 28, kirefu mara elfu nyingi kuliko mota yenyewe. Kuhusu yajayo, Feringa mwenyewe siku ya tuzo alijifananisha na ndugu Wright, ambao watu waliwauliza mashine ya kuruka ni ya nini.

Sasa upande wa supramolekuli, maana kuna walimu watakaotaka kulitumia kwa hilo. Hapa sanduku linapwaya. Supramolekuli ni kemia ya molekuli zinazoshikana bila bondi ya kawaida, kwa mivuto hafifu, na vijiti vya sanduku havijui kushika hafifu. Kijiti ama kimo ama hakimo. Ningependa watengenezaji waweke japo vijiti kumi vya sumaku. Mimi nimetumia uzi na gololi. Kwa kaboni 12 na oksijeni 6 unaunda pete ya etha taji, na gololi inakaa katikati kama ioni ya potasiamu, oksijeni zote sita zimeielekea. Pete ya kwanza ya aina hiyo aliikuta Charles Pedersen wa DuPont kwenye uchafu wa jaribio lililokusudiwa kitu kingine, asilimia 0.4 tu ya mazao, wala hakuitupa. Hakuwa na shahada ya udaktari, na Nobel aliipata 1987 pamoja na Cram na Lehn. Lehn ndiye aliyemlea Sauvage kimasomo.

Pete mbili zilizopitana za Sauvage utaziunda kwa dakika tano, kwa sababu mkono wako unaweza kuipitisha moja ndani ya nyingine kisha ukafunga. Kwenye chupa hakuna mkono. Sauvage mwaka 1983 alitumia ioni ya shaba. Inashika naitrojeni mbili za kipande hiki na mbili za kile, vikae vimepishana, kisha unafunga pete na kuiondoa shaba. Alipata asilimia 42, wakati njia za kabla yake zilitoa makombo. Kaboni yenye matundu manne inafaa sana kuwa shaba hiyo, kwani pembe ndizo hizo hizo. Nimeufunga mpira mmoja kwa waya wa shaba niliouchuna kwenye kebo mbovu ili wasiuchanganye na kaboni. Wanafunzi wakiung'oa na kukuta pete bado zimeshikana bila chochote kati yake, kelele zao zinafika ofisi ya walimu. Pete ya Stoddart inayoteleza kwenye ekseli yenye vizuizi miisho miwili, ya 1991, inaundika pia, ila pete ya plastiki inakwama kwenye vijiti na haitelezi ipasavyo. Hiyo naionesha kwa bangili na penseli.

Ubora wa vitu: mipira myeusi haijapasuka hata mmoja. Nyeupe zimeanza kulegea matundu baada ya miezi kadhaa, hasa zile zinazovishwa sponji. Vijiti vya kupinda vinadumu, ila vikikaa vimepindwa muda mrefu havinyooki tena, kwa hiyo benzini ibomolewe jioni. Kifuniko cha sanduku ni chepesi mno, kilivunjika bawaba wiki ya pili, nimekifunga kwa mpira wa kufungia noti. Rangi hazijafifia, na sanduku langu linakaa dirishani.

Kwa kidato cha pili mpaka cha nne sanduku moja linatosha wanafunzi wanane wakikaa mezani pamoja. Kwa kidato cha tano na cha sita, kama unataka kufika kwenye mota, nunua mawili, au tafuta jirani mwenye la pili. Hakikisha ni lenye vijiti virefu vya kupinda. Yapo ya bei ndogo ambayo bondi maradufu ni kipande kimoja kigumu, na hayo hayatakusaidia, kwa sababu hutakuwa na kijiti cha kuchomoa. Sponji utaipata popote.

Mimi naagiza la pili mwezi ujao, kwa sababu la kwanza limebaki nusu. Mota iko juu ya kabati la maabara na vijana wa PCM wameniomba nisiibomoe. Safari hii nimemwambia muuzaji avihesabu vijiti vya kupinda mbele yangu kwa simu ya video kabla hajafunga boksi, na amekubali.